Jules Verne hakupiga ramli: puto la Zanzibar, mzinga wa mwezini na hesabu nyuma yake

Juzi kati baba mdogo katupia klipu kwenye grupu la familia, dakika mbili hivi, muziki wa kutisha nyuma, sauti inasema kuna Mfaransa mmoja alitabiri safari ya mwezini miaka 104 kabla haijatokea. Alitaja Florida, akataja watu watatu, akataja chombo kudondoka Bahari ya Pasifiki, na mpaka jina la chombo karibu alipatie. Haikupita nusu saa grupu limewaka, mmoja anasema huyo alioteshwa, mwingine anasema hao ni wale wa siri siri walishapanga kila kitu, binamu yangu yeye anasema hii ndo ushahidi kwamba mwezini hawakwenda, waliigiza tu kitabu. Nikaanza kumjibu baba mdogo, shikamoo baba, ile klipu ina ukweli nusu, na jibu likawa linarefuka tu mpaka nikaona niliandike vizuri hapa na wengine wasome.

Huyo Mfaransa ni Jules Verne na kitabu kinachosemwa kilitoka 1865, mwendelezo wake ukafuata miaka michache baadaye. Vitu vingi vilivyotajwa kwenye klipu kweli vimo ndani ya vitabu hivyo viwili, ambavyo ni hadithi moja. Shida ni lile neno "alitabiri".

Kiswahili chetu kinatumia kutabiri kwa mambo mawili ambayo hayafanani kabisa. Kuna mpiga ramli, anachora mchanga wake anakwambia mgeni anakuja Ijumaa, ukimuuliza umejuaje hana njia ya kukuonyesha. Halafu kuna watu wa hali ya hewa wanatangaza utabiri wa mvua za masika, hao ukiwauliza wamejuaje watakutolea vipimo vya joto la bahari na mwelekeo wa upepo, na wakikosea unaweza kurudi nyuma ukaona hesabu iliharibikia wapi. Hii ya pili mimi nitaiita kukadiria, ili tusichanganyane. Ukitaka kujua mtu alipiga ramli au alikadiria, usiangalie tu alipopatia, maana kupatia hata bahati inaweza, angalia alipokosea, uone kama kosa lake lina njia unayoweza kuifuata. Verne alikosea sehemu nyingi tu, na karibu kila kosa ukilivuta unafika kwenye kitabu fulani au hesabu fulani ya zama zake.

Alizaliwa 1828 Nantes, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, baba yake mwanasheria. Akapelekwa Paris asome sheria ili aje arithi ofisi ya mzee, sheria akaimaliza lakini moyo uko kwenye maigizo ya jukwaani, akawa katibu wa jumba moja la maonyesho, baadaye akaingia soko la hisa ili familia ile. Sayansi hakuisomea, na uzeeni alipohojiwa alikiri hivyo waziwazi. Alichokuwa nacho ni kusoma, yaani kusoma kwelikweli, magazeti, majarida ya sayansi, taarifa za vyama vya jiografia, ripoti za wasafiri, na kila anachokiona kina maana anakinakili kwenye karatasi anaitunza. Mwisho wa maisha alisema karatasi hizo zilikuwa zimefika 20,000. Na pale hesabu zilipomzidi alikuwa na binamu yake Henri Garcet, mwalimu wa hisabati, ndo aliyempigia mahesabu ya safari ya mwezini.

Mchapishaji wake, Pierre-Jules Hetzel, naye alikuwa na nia iliyo wazi kabisa. 1864 alianzisha jarida la kusomwa na familia nzima, la elimu na burudani kwa pamoja, na riwaya za Verne zikawa zinatoka humo kipande kipande. Lengo lililoandikwa mbele ya mojawapo ya vitabu lilikuwa kukusanya maarifa yote ya jiografia, jiolojia, fizikia na elimu ya nyota ambayo sayansi ya wakati ule imeyapata, na kuyasimulia kwa njia ya kuvutia. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule alichukua kitabu akijua anafundishwa vitu vilivyokwishajulikana, ila anafundishwa kwa stori. Mfano mzuri ni ile riwaya ya kushuka katikati ya dunia, ilitoka 1864, halafu katika toleo la 1867 Verne akarudi akaongeza kurasa za viumbe na mtu wa kale, kwa sababu katikati hapo Ufaransa ilikuwa inabishana magazetini juu ya mifupa ya watu wa kale iliyochimbuliwa. Mpiga ramli hana haja ya kusubiri gazeti.

Sasa nije kwenye kitabu kinachotuhusu sisi moja kwa moja na ambacho klipu haikukitaja. Riwaya yake ya kwanza, *Wiki tano ndani ya puto*, ilitoka mwishoni mwa Januari 1863 na safari yake inaanzia Zanzibar. Ndiyo, Unguja hii hii. Daktari mmoja Mwingereza, Samuel Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanaruka na puto April 1862, wanapita juu ya Uzaramo, milima ya Rubeho, Kazeh, wanafika ziwa kubwa la Nyanza, ndo Viktoria ya leo, wanaufuata mto Nile, wanakatiza Ziwa Chad na Timbuktu mpaka wanaangukia Senegal. Verne alipoandika hayo hakuwa amekanyaga Zanzibar na hakuja kuikanyaga maisha yake yote, wala hakuwa amepanda puto. Puto alilipanda miaka kumi baadaye, 1873, kwa dakika 24 tu, juu ya mji wa Amiens alikokuwa anaishi.

Hapa kuna fizikia kidogo na ni nyepesi. Puto linapaa kwa sababu gesi ya ndani ni nyepesi kuliko hewa ya nje, sawasawa na mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Lakini puto halina usukani, linakwenda upepo unakokwenda. Nahodha wa jahazi anaielewa hii shida, anasubiri kaskazi imlete Zanzibar na anasubiri kusi imrudishe Ghuba. Anga nalo lina pepo zake kwa tabaka, upepo wa chini unaweza kuvuma huku na wa juu ukavuma kwingine, kwa hiyo mwenye puto akiweza kupanda na kushuka anavyotaka anaweza kuchagua upepo. Tatizo la wakati ule lilikuwa kwamba ukitaka kupanda unamwaga mchanga uliobeba kama uzito, ukitaka kushuka unatoa gesi, na vyote viwili vinaisha, ni kama daladala ambayo kila ukikanyaga breki unamwaga lita moja ya dizeli. Fergusson akaja na wazo kwamba tusimwage kitu, tuipashe joto gesi itanuke tupande, tuiache ipoe tushuke. Hilo wazo ni zuri na kanuni yake ni ya kweli, hewa ya moto ndo inayoendesha yale maputo ya watalii pale Serengeti.

Kosa liko kwenye chanzo cha moto. Fergusson anabeba maji, anayachana kwa umeme wa betri ya tindikali ya wakati ule yanakuwa haidrojeni na oksijeni, halafu anazichoma hizo gesi mbili apate moto mkali. Ukisoma haraka unaona mbona safi, maji yanageuka moto. Sasa tulia ufikirie. Maji ni nini? Ni haidrojeni iliyokwisha ungua. Maji ni jivu la haidrojeni. Ukitaka jivu lirudi kuwa kuni lazima ulirudishie nguvu yote iliyotoka wakati kuni zinaungua, na huwezi kupata zaidi ya ulichorudisha. Kwa hiyo moto wote wa Fergusson unatoka kwenye betri yake, maji ni njia ya kuzunguka tu, na betri za wakati ule zilikula madini ya zinki kama jiko linavyokula mkaa, kwa wiki tano za kupasha puto angehitaji shehena ambayo puto lenyewe lisingeinuka. Na kanuni hii ya kwamba nguvu haiumbwi bali inabadilishwa tu umbo ilikuwa imeshawekwa na wanasayansi akina Joule na Helmholtz miaka ya 1840. Shikilia hili la jivu, nitalirudia chini.

Jiografia ya kitabu kile inanigusa zaidi kuliko hata fizikia. Burton na Speke, wasafiri wawili Waingereza, waliondoka pwani 1857 wakaingia bara kwa kufuata njia za misafara ya wafanyabiashara, wakafika Kazeh, ambayo ni sehemu za Tabora ya leo. Pale Kazeh walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokwisha zunguka nchi ile miaka na miaka, na mmoja wao, Snay bin Amir, ndo aliyewaambia kwamba kaskazini kuna ziwa jingine kubwa kuliko Tanganyika. Speke akaenda, Agosti 1858 akaliona, akasema hapa ndo chimbuko la Nile, Burton akakataa, wakarudi Ulaya wanagombana. Burton akaandika kitabu chake 1860. Verne akakaa Paris akasoma yote haya.

Kwa hiyo puto la Fergusson linafuata barabara ya misafara ya watu wetu, kituo kwa kituo, ila kwa juu. Na Verne katika ule ugomvi akachagua upande wa Speke, akauonyesha Nile ukitoka kwenye ziwa kuelekea kaskazini. Speke mwenyewe alikuwa amerudi Afrika tangu 1860, na Julai 1862 alisimama pale Jinja akauona mto unatoka ziwani kwa macho yake, lakini kitabu kilipotoka Januari 1863 hakuna mtu Ulaya aliyekuwa na habari hiyo, Speke alifika Gondokoro, kituo cha kwenye mto Nile katika Sudan Kusini ya leo, katikati ya Februari. Yaani wiki mbili zaidi! Ukitengeneza klipu unaweza kusema Verne alitabiri chimbuko la Nile. Lakini njia yake inaonekana yote, ilitoka mdomoni mwa Snay bin Amir pale Kazeh, ikaingia kwenye daftari la Speke, ikapita kwenye taarifa za London na kufika mezani Paris. Jina la mtu wa kwanza kwenye mnyororo ule ndo halitajwi na wanaosimulia, na jina la Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi na akawa kiongozi wa safari zile, nalo linatajwa kwa uvivu.

Na hapa lazima niseme kitu kingine bila kukizungusha. Kitabu kile kimewatukana Waafrika. Kuna sehemu Kennedy na Joe wanafyatua risasi mtini wakidhani puto limevamiwa na wenyeji, kumbe ni nyani, na wanaambiana kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Kuna Kazeh, watu wanalidhania puto kuwa ni mwezi umeshuka kuja kumponya sultani wao. Nimesoma wanaomtetea wakisema zama zilikuwa hivyo. Mimi naona njia yake ile ile ya kufanya kazi inatueleza kilichotokea, alichukua vipimo vya milima na maziwa kutoka kwa wasafiri, na kwenye kapu hilo hilo akachukua dharau zao, Burton hasa, bila kupima. Na sayansi ya Ulaya wakati ule nayo ilikuwa inapanga watu kwa madaraja, inapima mafuvu na kuita elimu. Milima ilikuja kupimwa upya ikasahihishwa. Yale matusi yalisomwa na watoto wa Ulaya kwa vizazi, na hao watoto baadhi yao ndo waliokuja kuitawala Kazeh.

Turudi mwezini sasa. Kitabu cha 1865 kinasimulia klabu ya mizinga ya Baltimore, Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe imeisha, watengeneza mizinga hawana kazi, mwenyekiti wao Barbicane anasema basi tupige kombora mpaka mwezini. Mzinga wenyewe ni wa kuchimbiwa ardhini, urefu futi 900, kama mita 274, kombora la aluminiamu, kasi ya kutokea kama kilometa 11 kwa sekunde. Kasi hiyo ungetoka Dar ukawa Morogoro kwa sekunde 17.

Klipu inashangaa kasi ile, mbona ni karibu sawa na ile inayotumika kweli? Ni karibu sawa kwa sababu ni hesabu tu. Ukirusha jiwe juu linarudi, ukilirusha kwa nguvu zaidi linachelewa kurudi, na kuna kasi ambayo ukiifikia halirudi tena. Kasi hiyo inapatikana kwa kujua ukubwa wa dunia na nguvu inavyovuta, vitu vilivyojulikana tangu enzi za Newton, na kwa dunia yetu inatoka kilometa 11.2 kwa sekunde. Garcet mwalimu wa hesabu asingeweza kupata jibu jingine. Hata aluminiamu ilikuwa habari ya juzi, Mfaransa Sainte-Claire Deville alikuwa amepata njia mpya ya kuitengeneza 1854 na ilikuwa bado ghali kweli, leo ndo sufuria za kila jiko.

Florida nayo? Kwenye kitabu wanataka kupiga kombora wakati mwezi uko utosini kabisa, moja kwa moja juu ya mdomo wa mzinga. Sisi wa huku tumezoea kuona mwezi mpevu umekaa utosini, lakini mtu wa Paris au London haoni hivyo kamwe, mwezi unapita utosini kwa watu walio ndani ya nyuzi kama 28 tu kutoka ikweta, kaskazini au kusini. Angalia ramani ya Marekani ya wakati ule, ni sehemu gani inashuka mpaka huko? Texas na Florida tu, na kitabuni kweli Texas na Florida zinagombania mzinga kwa kurasa kadhaa. Wenye roketi karne iliyofuata nao walitaka kusini, ila kwa sababu yao nyingine, dunia inajizungusha na pale ikweta mzunguko una kasi kubwa zaidi, kama kilometa 1,670 kwa saa, roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapewa msukumo wa bure, na mashariki ya Florida ni bahari tupu hakuna wa kuangukiwa. Sababu hiyo hiyo ndo iliwaleta Waitaliano mpaka Ngomeni, karibu na Malindi, wakaweka jukwaa la kurushia setelaiti baharini, na 12 Desemba 1970 ikarushwa pale setelaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru maana ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Marekani ina kusini yake moja, ukiuliza swali lolote linalohusu ikweta utaangukia pale pale Florida.

Watu watatu ni sadfa tupu. Kitabuni kombora lilikuwa liende bila mtu, akatokea Mfaransa mmoja, Michel Ardan, akasema mimi nitapanda, halafu Barbicane na adui yake Nicholl walikuwa wanataka kuuana, Ardan akawapatanisha kwa kuwaambia twendeni wote. Yaani watatu wanatokana na ugomvi. Apollo 11, ile safari ya 1969 ya watu wa kwanza kutua mwezini, ilikuwa na watatu kwa sababu wawili wanashuka na mmoja anabaki anazunguka na chombo. Na huyo Ardan ni herufi za Nadar zilizopangwa upya, mpiga picha maarufu wa Paris na rafiki wa Verne aliyekuwa na wazimu wa maputo. Pasifiki peke yake inafunika karibu theluthi ya uso wa dunia, ukidondosha kitu ovyo ina nafasi kubwa ya kukipokea. Columbia, jina la chombo cha Apollo 11, ni jina la kale la kishairi la Marekani, na Columbiad, jina la mzinga wa Verne, ilikuwa aina ya mizinga ya kweli ya jeshi lao, na wa Apollo walikijua kitabu vizuri tu, Neil Armstrong mwenyewe wakati wanarudi kutoka mwezini alimtaja Verne hewani. Binamu, waliigiza jina, hawakuigiza safari, na jambo ambalo klipu imelificha ni kwamba wale watatu wa Verne HAWAKUTUA mwezini! Waliuzunguka tu wakarudi.

Sasa makosa, maana ndo yenye utamu. Kombora lipo ndani ya mzinga wa mita 274, linatoka kwenye kusimama kabisa mpaka kilometa 11 kwa sekunde, hesabu ya haraka inakupa muda wa sehemu 5 za mia za sekunde, hujamaliza hata kupepesa jicho. Unajua ukiwa kwenye bodaboda dereva akiondoka kwa fujo unavyosukumwa nyuma, hiyo ni mara elfu ngapi sijui. Mtu wa kilo 70 ndani ya kombora lile angekandamizwa kwa uzito wa zaidi ya tani 1,500. Verne aliliona tatizo, akaweka maji chini ya sakafu yapunguze mshtuko, lakini maji yale yasingesaidia chochote, abiria wangekuwa rangi ya ukutani. Roketi inafika kasi ile ile bila kuua mtu kwa sababu inaongeza taratibu kwa dakika kadhaa.

Kosa la pili linaishi mpaka leo vichwani mwetu. Verne aliandika kwamba abiria walielea hewani mara moja tu, pale ambapo mvuto wa dunia na wa mwezi unalingana. Watu wengi leo nao wanadhani wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu hakuna graviti. Ipo! Pale kilometa 400 juu, kituo cha anga kinapozunguka, mvuto bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Jaribu hivi, chukua kopo la maji litoboe tundu kwa chini, ukilishika maji yanachuruzika, sasa liachie kutoka ghorofani, likiwa linaanguka maji yanaacha kutoka, kwa sababu kopo na maji vyote vinaanguka kwa kasi moja na hakuna kinachomkandamiza mwenzie. Abiria wa Verne injini hawana, tangu watoke kwenye hewa ya dunia walipaswa waelee muda wote.

Na kinachonifurahisha ni kwamba kwenye hadithi hiyo hiyo alipatia jambo lile lile bila kujua. Walibeba mbwa, anaitwa Satellite, aliumia kichwa wakati wa kufyatuliwa akafa, wakamtupa nje. Baadaye wanachungulia dirishani wanaona kitu kinaelea pembeni, ni mzoga wa mbwa unaenda nao sambamba. Sahihi kabisa, mbwa na kombora vinaanguka pamoja. Sasa kama mbwa wa nje anaenda sambamba na kombora, mtu wa ndani kwa nini akae sakafuni? Verne hakuunganisha hizo mbili, na mtu aliyeoteshwa angeoteshwa zote.

Nyambizi nitaipitia haraka. Verne hakuvumbua nyambizi, Robert Fulton alijaribu moja Ufaransa 1800 ikiitwa Nautilus, jina lile lile la nyambizi ya Verne, na Wafaransa walishusha ya kwao kwenye maji 1863, mfano wake ukaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1867, miaka miwili kabla riwaya ya Verne, *Ligi 20,000 chini ya bahari*, haijaanza kutoka. Yeye aliongeza umeme na ukubwa. Na ile 20,000 kwenye jina la kitabu sio kina, ni urefu wa safari, ligi ni kipimo cha zamani cha Wafaransa chenye kilometa 4, kwa hiyo kilometa 80,000, mara mbili ya kuizunguka dunia. Kina cha bahari palipo ndani zaidi kabisa ni kilometa kama 11 tu.

Nilisema nitarudi kwenye jivu. Katika riwaya nyingine, *Kisiwa cha ajabu* ya 1874, baharia mmoja anamuuliza injinia, makaa ya mawe yakiisha dunia watu watachoma nini? Anajibu, maji. Sentensi hii inazungushwa sana siku hizi, na nimeiona ikitumika kwenye matangazo ya wale wanaouza kifaa cha kufunga kwenye gari eti litembelee maji badala ya petroli. Ndugu zangu, tafadhali msitoe hela. Injinia wa Verne mwenyewe anasema maji yatakuwa yamechanwa kwa umeme, na huo umeme lazima utoke mahali, ni hesabu ya Fergusson na puto lake imerudi. Haidrojeni inayozungumzwa sasa kama nishati ni kweli ipo, lakini inafanya kazi ya ndoo, unachota nguvu ya jua au ya upepo au ya maporomoko unaitia humo unakwenda kuitumia kwingine. Ndoo haijazi kisima.

Kuhusu hao waliokwenda kweli, uhusiano wao na Verne upo, ila umekaa kinyume na klipu inavyosema, wao ndo waliomsoma yeye. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alisema Verne ndo alimtia hamu, na 1903 akachapisha hesabu ya roketi inayotumika mpaka leo. Na kulikuwa na mtoto Transylvania, Hermann Oberth, alipata kile kitabu cha mwezini akiwa na miaka kama kumi na moja, akakisoma mpaka karibu akakihifadhi, halafu akakaa akapiga hesabu ya mzinga akagundua wale abiria wangepondwa wote. Hakukitupa kitabu, akaanza kutafuta njia nyingine ya kufikia kasi ile ile bila kupondwa, akafika kwenye roketi, 1923 akaandika kitabu chake, na kijana mmoja aliyemsaidia majaribio, Wernher von Braun, baada ya kuwatengenezea Wanazi makombora alihamia Marekani akaongoza utengenezaji wa roketi ya Apollo. Julai 1969 roketi ile ikirushwa Florida, Oberth alikuwepo pale anaangalia, mzee wa miaka 75.